Meli za barua na ugomvi wa makoloni ya Australia na New Zealand, 1852 hadi 1901: nani apokee kwanza, nani alipe

#1 Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani tumezoea kuwazungumzia wakoloni kana kwamba walikuwa kitu kimoja, London ikiamuru na makoloni yakiitikia. Leo naleta uzi kuhusu makoloni ya walowezi wa Kiingereza kule Australia na New Zealand, ambayo kwa karibu nusu karne yaligombana yenyewe kwa yenyewe, na kugombana pia na Hazina ya London, kwa jambo linaloonekana dogo: meli ya barua ipite njia gani, itie nanga wapi kwanza, na gharama yake ailipe nani. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayetaka kuipinga ajue pa kuanzia. Ugomvi ule haukuwa hasa wa fedha, ingawa majalada ya serikali zote zile yamejaa pauni. Ulikuwa ugomvi wa zamu. Kila koloni lilipigania njia ambayo ingelifanya lipokee barua kabla ya jirani yake, na lifunge mifuko ya majibu baada ya jirani huyo kuwa amekwisha kufunga ya kwake.

Barua ya zama za matanga ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika Sydney baada ya miezi mitatu au zaidi. Mwaka 1851 mambo mawili yalibadilisha hali: dhahabu iligunduliwa, na Victoria ikajitenga na New South Wales ikawa koloni linalojitegemea, na Melbourne ukiwa mji wake mkuu. Agosti 1852 meli ya mvuke Chusan, mali ya kampuni ya P&O, iliingia Sydney kufungua huduma ya kila miezi miwili kati ya bandari hiyo na Singapore, ambako barua ziliunganishwa na njia ya India na Misri. Vita vya Crimea vilipozuka meli za mvuke zilichukuliwa kubeba askari, huduma ikasimama, na walowezi wakarudishiwa matanga wakiwa wamekwisha kuonja mvuke.

Huduma ilipotulia, mpangilio wake ulikuwa hivi. Mifuko ilishushwa Alexandria, ikavushwa nchi kavu hadi Suez, ikapakiwa kwenye meli nyingine hadi Galle, kusini mwa kisiwa cha Ceylon. Pale Galle mifuko ya Australia ilitengwa na ile ya Calcutta na China, ikahamishiwa meli ya tawi iliyokwenda King George Sound (ndipo Albany, pembe ya kusini-magharibi ya Australia), kisha Melbourne, kisha Sydney, mwisho wa safari.

Sasa tazameni ratiba hiyo kwa jicho la mfanyabiashara wa sufu. Meli inaingia Melbourne, barua zinagawiwa, na yeye anajua bei za mnada wa London na maagizo ya benki yake. Meli inaendelea Sydney, inakaa siku kadhaa ikipakia makaa, kisha inarudi Melbourne kuchukua barua za majibu. Kwa hiyo mtu wa Melbourne alikuwa na muda wote huo wa kutafakari, kununua na kuandika, ilhali mwenzake wa Sydney alipokea baadaye na kufunga mapema. Tangu 1858 waya wa telegrafu uliunganisha Melbourne, Sydney na Adelaide, na hilo liliongeza uchungu badala ya kuupunguza: Sydney ilisoma muhtasari wa habari magazetini huku hundi, ankara na hati za shehena zikiwa bado baharini. Aliyechelewa kufunga barua yake aliingoja meli ya mwezi uliofuata.

Adelaide nao walikuwa na lao. Meli ilipita kusini mwa pwani yao ikiwa na barua zao ndani, ikazipeleka Melbourne, na barua zikarudishwa kwa meli ya pwani. South Australia ikaona bora ilipie stima yake ndogo ya kwenda King George Sound kuzipokea huko huko. Hebu fikirieni hasira ya bunge linalochangia huduma kubwa, kisha linachanga tena ili kuifuata huduma hiyo njiani.

Karibuni.

#2 Hesabu Kwanza

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nakushukuru, lakini hoja yako ya zamu siikubali nzima nzima. Wewe mwenyewe umetaja mabunge, na bunge kazi yake ya kwanza ni kulinda mfuko.

Chukua mkataba wa kampuni ya European and Australian, iliyoanza kazi 1857 kwa ruzuku ya pauni 185,000 kwa mwaka. Nusu ilitoka London, na nusu nyingine ikagawanywa kwa makoloni kulingana na wingi wa barua za kila moja. Kampuni ile haikuwa na meli za kutosha, ikakodi za wengine, mitambo ikawa inaharibika na ratiba ikawa haitabiriki. Mwaka 1858 ikaanguka. Kazi ikapewa P&O tangu 1859, ambao kwanza walipita Mauritius kabla ya kurejea Galle. Katika hayo yote mzabuni alichaguliwa London na mkataba ulitiwa saini London. Makoloni yakaletewa ankara.

Ongeza jambo la stempu. Barua ya nusu wakia kwenda Uingereza ililipiwa peni 6, na mapato hayo hayakukaribia kufidia ruzuku. Kila mfuko uliopanda meli ulikuwa hasara kwa mlipakodi, awe wa Sydney au wa Manchester. Kwa hali hiyo ugomvi wa nani alipe ungekuwepo hata kama makoloni yote yangekuwa kwenye bandari moja.

#3 Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Ndugu Hesabu Kwanza, takwimu zako ni sahihi, na malalamiko ya ankara kutoka London yalikuwa ya kweli. Lakini jiulize: mtu anayegombania fedha tu, kwa nini akubali kulipa mara mbili?

Juni 1866 ilianza huduma ya Panama. New South Wales na New Zealand ziliipa ruzuku kampuni iliyojiita Panama, New Zealand and Australian Royal Mail, meli zake zikiitwa kwa majina ya mito na sehemu za New Zealand: Rakaia, Kaikoura, Ruahine, Mataura. Zilivuka Pasifiki kutoka Sydney na Wellington hadi Panama, mifuko ikapanda reli ya kuvuka shingo ya nchi (reli hiyo ilikamilika 1855), kisha meli nyingine ikaipeleka Uingereza. Wakati huohuo makoloni hayo mawili yaliendelea kudaiwa mchango wa njia ya Suez. Kilichowavutia ni kwamba kwa Pasifiki meli ilitokea mashariki. Wellington ilitangulia, Sydney ikafuata, na Melbourne, kwa mara ya kwanza, ikawa ndiyo inayosubiri mkia. Huduma ile haikutimiza miaka mitatu; kampuni ilifilisika, na mapema 1869 mambo yalikuwa yamekwisha.

Ushahidi wangu wa pili ni mkutano wa Machi 1867 mjini Melbourne. Makoloni sita yalituma wajumbe: New South Wales, Victoria, South Australia, Queensland, Tasmania na New Zealand. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya meli za barua, lakini ndipo Henry Parkes wa New South Wales alipotoa hotuba yake maarufu ya kudokeza muungano wa makoloni, na wajumbe wakapendekeza baraza la pamoja la kusimamia mambo ya posta. Wanahistoria wa shirikisho la Australia huupenda sana mkutano huu kwa sababu hiyo. Mimi naona wanaupamba. Azimio lenyewe la posta lilikuwa kwamba kuwe na njia tatu kwa wakati mmoja: Suez kwa ajili ya Victoria na majirani zake wa kusini, Panama kwa ajili ya New South Wales na New Zealand, na Mlango-bahari wa Torres, kaskazini mwa Australia, kwa ajili ya Queensland. Walishindwa kukubaliana nani awe wa kwanza, wakaamua kila mmoja awe wa kwanza kwenye njia yake, na Uingereza isaidie kulipia zote. London haikuwa tayari kugharimia fahari ya namna hiyo.

Kisha likaja tukio la 1873, ambalo kwangu ndilo kilele. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mkataba ukiisha, yenyewe itafikisha barua Galle au Singapore kwa upande mmoja, na San Francisco kwa upande wa pili, na kutoka hapo makoloni yajitegemee. Wajumbe wakakutana Sydney mwanzoni mwa 1873 kutafuta mpango wa pamoja. Hawakuupata. Victoria ikaenda peke yake kwa P&O, ikafunga mkataba wa Galle hadi Melbourne, na mwisho wa safari ukawa Melbourne badala ya Sydney. New South Wales ikachukulia hatua hiyo kuwa ni dharau ya makusudi, ikageukia San Francisco pamoja na New Zealand. Queensland nayo ikapitishia barua zake Torres kwa meli kutoka Singapore. Azimio la njia tatu, lililoshindikana kwa makubaliano, likatimia kwa kununiana.

Matokeo yake ni kwamba barua za South Australia na za Tasmania zilikuwa zinapanda meli ya serikali ya Victoria, na Victoria ikawa inawadai majirani zake nauli ya barua zao.

#4 Upepo wa Kusi

Naomba kuongezea upande wa New Zealand, kwa sababu ugomvi huu ulipofika kule uligawanyika tena ndani kwa ndani.

Reli ya kuvuka bara la Marekani ilikamilika Mei 1869, na hapo njia ya San Francisco ikawezekana: meli hadi California, treni hadi New York, meli nyingine hadi Uingereza. Julius Vogel, aliyekuwa mshika hazina na baadaye waziri mkuu wa New Zealand, aliing'ang'ania. Alifunga mkataba na Mmarekani William Webb, aliyeleta meli za mbao zenye magurudumu ya maji ubavuni, Nebraska, Nevada na Dacotah, teknolojia ambayo kwa wakati ule ilikuwa inapitwa na wakati. New South Wales ikasusa, ikidai kwamba Vogel amefunga mkataba unaoifaa New Zealand kisha anawaletea wenzake nusu ya bili. Huduma ya Webb ilikoma 1873.

Shida kubwa ilikuwa bandari. Meli inayotoka Honolulu ikielekea Sydney hukutana kwanza na Auckland, kaskazini kabisa mwa New Zealand. Lakini fedha za koloni lile wakati huo zilikuwa kusini: dhahabu ya Otago, kondoo wa Canterbury. Wabunge wa Dunedin walitaka meli yenyewe ishuke pwani nzima, Wellington, Lyttelton hadi Port Chalmers, ili wasiwe wateja wa Auckland. Wakati wa njia ya Panama ilikuwa kinyume chake, Wellington ndiyo iliyopewa meli, na Auckland, iliyokuwa imenyang'anywa makao makuu ya serikali mwaka 1865, ikalalamika kwamba sasa imenyang'anywa hata barua.

Sydney haikutaka kusikia habari ya meli kuzungukazunguka New Zealand huku mifuko yake imelala ndani. Ndipo ikabuniwa huduma ya panda. Meli kubwa ifike Kandavu, kisiwa cha Fiji, na pale mifuko igawanywe: meli moja ielekee Sydney moja kwa moja, nyingine iende bandari za New Zealand hadi Port Chalmers. Pacific Mail, kampuni ya Kimarekani iliyopata mkataba kuanzia 1875, ilianza kwa mpango huo. Ilihitaji meli nyingi kwa barua zilezile, na mahali pa makutano ni ghuba iliyozungukwa na miamba ya matumbawe. Mpango ukaachwa upesi, meli zikawa zinapita Auckland na kuendelea Sydney, na watu wa kusini wakabaki kutegemea stima za pwani.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi, ila ningepanua hoja yake: koloni lenyewe halikuwa na matakwa mamoja. Waliogombana hasa ni miji na vyama vyake vya wafanyabiashara, na serikali zilikuwa midomo yao.

#5 Mgeni wa Jukwaa

Wakuu, mimi ni msomaji tu. Queensland imetajwa mara mbili na kuachwa. Hiyo njia ya Torres ilikuwa na faida gani kwao, na kuna uhusiano wowote na upande wetu wa Bahari ya Hindi?

#6 Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Swali zuri, na jibu la sehemu ya pili ni ndiyo.

Queensland ilijitenga na New South Wales mwaka 1859, na kwa njia ya Suez ya wakati ule Brisbane ilikuwa ya mwisho kabisa: barua zilipita Melbourne, zikapita Sydney, ndipo zikapanda kaskazini. Ukipita Mlango-bahari wa Torres, ramani inapinduka. Meli inaingia kutoka kaskazini, inagusa Thursday Island, Cooktown, Townsville, Bowen na Rockhampton, na hatimaye Brisbane, bila kuiona Sydney. Njia ina miamba ya kutisha na ilikuwa ndefu kuelekea kusini, ndiyo maana Melbourne hawakuitaka hata bure, lakini kwa bandari ndogo za sukari na dhahabu za pwani ile ilikuwa mkombozi.

Waziri mkuu Thomas McIlwraith alifunga mkataba na kampuni ya British India kwa ruzuku ya pauni 55,000 kwa mwaka kwa miaka minane. Upinzani bungeni uliuzuia kwa hotuba zisizokwisha, ukidai kwamba serikali inalipia meli za mizigo na za wahamiaji kwa kisingizio cha posta. Meli ya kwanza, Merkara, iliwasili mwaka 1881.

Kampuni hiyo British India ni ya William Mackinnon, ambaye wasomaji wa huku wanamjua kwa kampuni yake ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kabla ya hapo, mwaka 1872, meli zake zilikuwa zimepata mkataba wa kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Tofauti ni kwamba Zanzibar haikuwa na bunge la walowezi la kupiga kelele kuhusu ratiba. Mkataba uliamuliwa London kwa sababu za London, zikiwemo siasa za kukomesha biashara ya watumwa, na wafanyabiashara wa Forodhani wakajipanga kufuatana na tarehe za meli. Kwangu hiki ndicho kipimo cha nguvu za makoloni yale mengine: yaliweza kukataa.

#7 Hesabu Kwanza

Bado nasubiri kuelezwa ugomvi uliishaje. Kama ulikuwa wa zamu, jiografia haikubadilika, Melbourne haikuhama.

#8 Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Melbourne haikuhama, lakini reli ilifika. Juni 1883 reli za Victoria na New South Wales zilikutana mpakani, Albury. Upana wa njia zao ulitofautiana, Victoria ikiwa na njia pana zaidi, kwa hiyo treni haikuweza kuendelea. Usiku abiria waliamshwa washuke, na wapagazi wakahamisha mifuko ya barua kutoka behewa hadi behewa kwenye jukwaa refu lililojengwa kwa ajili hiyo. Hata katika umoja wao hawakukubaliana upana wa reli! Januari 1887 Adelaide nayo ikaunganishwa na Melbourne.

Kuanzia hapo hapakuwa na maana tena ya kugombania meli itie nanga Melbourne au Sydney. Mkataba wa 1888, uliogawanywa kati ya P&O na kampuni nyingine ya meli, Orient, ili kuwe na meli kila wiki, uliweka mambo wazi: barua zishushwe Adelaide na kupakiwa treni, na zifike Melbourne na Sydney kabla ya meli yenyewe. Adelaide, iliyokuwa ikipitwa, ikawa lango la bara zima la mashariki. Reli ya kwenda Brisbane ilipokamilika, njia ya Torres ikapoteza sehemu kubwa ya hoja yake kwa upande wa barua.

Western Australia ndiyo iliyobaki na manung'uniko, kwa kuwa meli ziliendelea kutia nanga Albany, mbali na Perth, hadi bandari ya Fremantle ilipochimbwa chini ya mhandisi C. Y. O'Connor na meli za barua kuhamia huko mwaka 1900.

#9 Hesabu Kwanza

Umejibu vizuri kuhusu bandari. Upande wa fedha mimi sihami. Makoloni haya yalikaa nje ya Umoja wa Posta Duniani hadi Oktoba 1891, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kupunguza nauli ya barua huku ruzuku ikibaki palepale. Sababu nyingine inaiunga mkono hoja yako zaidi kuliko yangu, nakuachia bure: kila koloni lilitaka kura yake. Yalipoingia yalipewa kura moja kwa pamoja. Nauli ilikuwa tayari imeshuka Januari 1891 kutoka peni 6 hadi peni 2 na nusu.

#10 Upepo wa Kusi

Jambo moja la kumalizia, maana limesahaulika na linatuhusu.

Machi 1901 posta za makoloni sita ya Australia zilikabidhiwa serikali mpya ya shirikisho. Wengi walitarajia kwamba ugomvi wa meli za barua umekufa, kwa kuwa sasa upande mmoja wa meza una mtu mmoja. Ukazaliwa mwingine, safari hii kati ya shirikisho hilo na London. Sheria ya Posta na Telegrafu ya 1901 iliamuru kwamba mikataba ya kubeba barua ipewe tu meli zenye wafanyakazi weupe. P&O kwa miongo mingi walikuwa wakiajiri mabaharia wa Kihindi sitahani, na chini, kwenye tanuri za makaa, Wapunjabi pamoja na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wale ambao Waingereza waliwaita Sidi. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alipinga kwamba Wahindi ni raia wa himaya na haiwezekani wafukuzwe kwenye meli za himaya kwa ajili ya rangi. Australia haikurudi nyuma.

Mpango wa pamoja ukavunjika. Orient ilichukua mkataba wa Australia na kuajiri wazungu peke yao. P&O ikaendelea kubeba barua za Australia kwa mkataba wa serikali ya Uingereza, na wafanyakazi wake wakabaki walewale. Kwa hiyo wiki moja mifuko ya London iliingia Fremantle kwa meli iliyokatazwa kuwa na mchoma makaa mweusi, na wiki iliyofuata kwa meli iliyoendeshwa naye.

New Zealand, ambayo haikujiunga na shirikisho, iliendelea na San Francisco yake. Marekani ilipoifanya Hawaii kuwa sehemu ya pwani yake, sheria yake ya mwaka 1900 ilizizuia meli za kampuni ya Union ya New Zealand kufanya biashara kati ya Honolulu na California. Kampuni ya Kimarekani ya Oceanic ikabaki peke yake kwenye njia ile, na mwaka 1907 ikasimamisha safari.

#11 Mgeni wa Jukwaa

Ahsanteni sana wakuu. Upepo wa Kusi, ukipata wasaa tufungulie uzi wa hao Sidi wa kwenye matanuri.